Neno Moja la Kupanga Masomo

Nyumbani walimwita Fundi, ingawa binti huyo hakuwahi kushika nyundo maishani. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta, na aliyojivunia kuliko zote alimwandikia baba yake.

Baba alifundisha hesabu chuoni kwa mtandao, akijirekodi sebuleni. Mafaili yalikuwa yamemfika shingoni. Somo moja alilirudia hata mara sita, maana mama naye hana subira: katikati ya kipeuo cha pili utamsikia kutoka jikoni, "Mwalimu, chakula kinapoa!" Baba anajibu, "Nakuja, bibie, usinune," anacheka, na somo limeshaharibika.

Basi Fundi akamtengenezea programu isiyo na madoido. Unaandika neno moja tu kwenye skrini nyeusi, "panga", na masomo yanajipanga kwa mada na wiki, kisha yanapanda kwenye tovuti ya chuo. Palipo na mafaili yenye jina la somo moja, linabaki la mwisho, mengine yanafutwa kabisa. Sharti hilo lilikuwa mstari mmoja, aliouandika huku anakunywa chai. Nani angejiuliza mara mbili?

"Kazi ya wiki nzima, mwanangu, kwa neno moja!" baba alishangaa siku aliyobonyeza mwenyewe. Kila mgeni aliyeingia ilibidi aonyeshwe.

Miezi mitano baadaye moyo wa baba ulisimama, akiwa pale pale mezani pake pa kurekodia. Waombolezaji walipokwisha kuondoka, mama alimfuata Fundi chumbani.

"Nitafutie yale aliyoharibu, mwanangu. Yale ambamo namwita, naye ananijibu. Nataka kumsikia akiniita bibie."

Fundi akaukumbuka ule mstari mmoja. Alipekua kompyuta ya baba, tovuti, simu, hata flashi ya zamani iliyosahauliwa kwenye droo. Siku tatu, patupu. Yalikuwepo masomo arobaini na mawili, safi kabisa, hakuna hata moja lenye kicheko.

"Nimeyafuta mimi, mama," akasema, na kilio kikamshinda. "Niliona ni takataka."

Mama hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alisema tu, "Basi nifungulie lile la kipeuo."

Wakakaa sebuleni. Sauti ya baba ikaeleza taratibu, bila kosa. Ilipofika mahali alipopajua, mama akainama karibu na kompyuta.

"Mwalimu," akaita, "chakula kinapoa."

Baba akaendelea na mfano wa tatu.