Embe Lililogeuka Ndimu

Nina shahada mbili na kitambi kimoja, wala sijawahi kuota ndoto ya maana. Kwa hiyo ukisikia mtu kama mimi anasema jambo hili lilimtokea mchana kweupe, usimwonee huruma. Msikilize tu.

Mwaka juzi nilirudi Kigoma kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama. Nasema tumzike, lakini mimi sikuwapo. Alipokata roho nilikuwa ng'ambo kwenye kongamano, nikiwasilisha mada ambayo leo sikumbuki hata kichwa chake. Nilifika amekwisha kuzikwa siku mbili. Dada yangu Zaituni, aliyemuuguza, hakunilaumu, nami sikumuuliza lolote. Miaka sita nilibeba swali moja: je, aliniulizia? Niliogopa jibu la ndiyo, na la hapana nililiogopa zaidi. Ndiyo maana nilikuwa nimelala siku tatu nyumba ya wageni mjini, ilhali kwa Zaituni, kijijini Kidahwe, ni mwendo mfupi tu wa bodaboda.

Siku ya nne nikatembea hadi ufukweni Kibirizi na sigara yangu ya umeme. Niliinunua ili niache sigara; sigara nimeacha, nimebaki na hii. Na kwa kuwa sisi wasomi hatuvuti kitu bila kukichunguza, nilikuwa nafuatilia ladha zake. Ukijaza tangi kimiminika cha embe, siku ya kwanza unavuta embe bivu. Siku ya nne limekuwa jamu. Wiki ikiisha, sukari imegandia kwenye koili, ule waya unaopasha moto, pamba inayonyonya kimiminika imechoka, kimiminika kimekuwa cheusi kama chai iliyolala, na unavuta sukari iliyoungua. Mke wangu huniambia, "Chunguza na ladha ya mapafu basi."

Siku hiyo nilikuwa kwenye sukari iliyoungua.

Jua la saa saba lilikuwa limewafukuza watu wote isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa mchangani. Nilimkadiria miaka thelathini.

"Habari za kazi, dada?"

"Kwenu mama haamkiwi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Basi nikamwamkia, mzee mzima wa miaka hamsini na mbili: "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Lete nionje hicho kifilimbi chako."

Nikampa. Alivuta, ndugu yangu, akavuta, akavuta. Nikasubiri moshi utoke. Mpaka naandika haya haujatoka.

Aliponirudishia, nikaufuta mdomo wa kile kifaa kwa shati. Hapo nilikosea. Wazee wetu waliovuta kiko kimoja hawakufuta. Kufuta mbele ya mwenzio ni kumwambia ana maradhi, au ni mchawi. Nimekua nikilijua hilo. Corona na vyuo vikuu vilinisahaulisha.

"Umenifuta," akasema taratibu.

Nikavuta. Sukari iliyoungua, ile ile. Akanyoosha mkono.

"Lete tena. Na safari hii uwe na adabu, mwalimu."

Nani alimwambia nafundisha?

Akavuta, akanirudishia, akanikazia macho. Sikufuta. Nikavuta.

Niamini, halikuwa embe. Ulikuwa moshi wa kuni na mawese yanayochemka, jiko la nyuma la nyumba yetu ya Ujiji. Nikapiga pafu la pili, likaja na kitenge kilichokaa sandukuni na jasho la jua: mgongo wa mama, mimi nimebebwa. Umewahi kuonja mgongo wa mama yako? La tatu likawa dawa ya kupigia deki, uji uliopoa, shuka la hospitali. Huko sikuwahi kufika.

"Limebaki moja," akasema. "Kama hulitaki, usilivute."

Nikalivuta. Ndimu. Kali, mbichi, ikanishika nyuma ya ulimi mpaka mate yakajaa mdomoni. Kisha ikakatika ghafla, kama mtu kaninyang'anya.

Nikatazama tangi. Kimiminika kilikuwa angavu kama maji ya ziwa, kimejaa hadi juu. Nilipoinua macho, dagaa walikuwapo, wamegeuzwa wote. Yeye hakuwapo.

Nikapanda bodaboda ya kwanza niliyoiona. Nilimkuta Zaituni uani, anapeta maharage.

"Mama alipokuwa anakufa," nikasema bila hata salamu, "ndimu ilikuwa ya nini?"

Ungo ukamtoka mikononi.

"Nani kakwambia, kaka? Tulikuwa wawili tu mle ndani, mimi na yeye." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mdomo ulikuwa mchungu, akataka ndimu. Nikamkatia. Akalamba nusu, nusu akaikataa. Akasema, 'Hii mwekee kaka yako, atakuja na kiu.' Nikaiweka kwenye kisahani mpaka ikakauka. Ningeanzaje kukwambia, na wewe huulizi?"

Tulilia mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba. Na kweli ulikuwapo, ila ulikuwa umechelewa miaka sita.

Tangi bado ninalo. Nimebadilisha koili, pamba na mipira yake, nimelichemsha, nimelijaza mnanaa, kahawa, zabibu. Siku ya kwanza ndimu, wiki ikiisha ndimu. Haigeuki.

Nawe uliyefiwa ukiwa mbali, usijifanye jasiri kama mimi. Nenda ukakae mkekani na waliokuwapo, uwaulize kila kitu, hata alichotaka kulamba. Waulize wangali na pumzi. Mimi nilitumiwa mtu. Wewe una hakika gani kwamba utatumiwa?