Tumbawe Alilopewa Andati

Mutheu alikuwa mshonaji wa sare za shule mtaani Umoja, mjane wa dereva wa garimoshi. Mumewe, Kyule, enzi zake za kuendesha treni ya Mombasa, alikuwa na wazimu wake mmoja: kila akirudi nyumbani alishusha madumu ya maji ya bahari, na mara nyingine samaki hai ndani yake. Sebule yao ikapata tangi la kioo lililomeza ukuta mzima. Jumapili watu walitoka kanisani wakapitia hapo kutazama bahari kabla ya kwenda kula.

Kyule alipofariki, ndugu zake walidhani tangi litauzwa. Halikuuzwa ng'o. Mutheu alianza kuletewa maji na Yonis, mfanyabiashara wa Majengo aliyekuwa na lori la kwenda Pwani, na sheria ya marehemu akaishika kama amri ya Mungu. Samaki mgeni haingii tangini siku anayofika. Wala tumbawe. Kwanza hukaa jikoni, kwenye beseni lenye chujio lake na pampu yake ya hewa, hadi ijulikane kama amekuja na ugonjwa. Wageni walipocheka kusikia samaki wana karantini, Mutheu alijibu, "Hata ng'ombe wanayo. Samaki wangu wamekosa nini?"

Aliyependwa kuliko wote alikuwa samaki mnene wa rangi ya chungwa, ambaye Kyule alimwita Diwani kwa jinsi alivyozunguka ametanguliza tumbo, akikagua kila pembe asifanye lolote.

Andati, fundi wa simu wa Buruburu, alikuwa rafiki wa Kyule. Alibeba jeneza lake. Naye alikuwa na tangi, tena kubwa zaidi, lakini watu hawakulizungumzia. Ndipo mpiga picha wa gazeti moja alipokuja Eastlands kutafuta mtu anayefuga samaki wa baharini, akaelekezwa kwa Mutheu. Picha ya Diwani ilitoka ukurasa mzima.

Muda si mrefu Andati alibisha hodi, ndoo mkononi. Ndani mlikuwa na samaki wa buluu mwenye mkia wa njano, mzuri wa kukutoa pumzi.

"Shemeji, huyu ni wako. Pongezi za gazeti."

"Asante sana. Ngoja nimtafutie nafasi kwenye beseni."

"Beseni la nini? Ametoka karantini kwangu, amekaa humo tangu Pasaka. Unaniogopa mimi, niliyemzika Kyule na mikono hii?"

Mutheu aliona haya. Akamtia tangini.

Haukupita muda, chenga nyeupe zikatokea mapezini, kana kwamba mtu amewanyunyizia chumvi. Samaki walijikuna kwenye mawe, wakahema juu juu, wakaanza kufa. Mutheu alikimbia huku na huku, akabadilisha maji, akaomba. Dawa ya shaba alikuwa nayo, lakini huua matumbawe, haitiwi tangini, na waliohamishiwa beseni la jikoni walikuwa wamechelewa. Diwani alikuwa wa mwisho. Mutheu alimfunga kwa kipande cha kitambaa cha sare, akamzika kando ya sukuma wiki.

Yonis alipoleta maji alikuta tangi halina samaki hata mmoja. Akasimuliwa.

"Wa buluu, mkia wa njano?" aliuliza, uso umemwiva. "Dada, samaki huyo nilimuuzia Andati, naye akataka kunirudishia. Alikuwa na chenga tayari. Nikamwambia asimchanganye na wenzake, atawaua wote. Akasema basi, atamtupa."

Mutheu hakulia. Alibeba dumu lake, akaingia ndani, akaketi mbele ya kioo.

Alifikiria kummwagia Andati jiki la kufulia nguo tangini. Alifikiria jiwe la kuvunja kioo chake. Kisha macho yakatua kwenye matumbawe yake, yamechanua kana kwamba msiba haukuyahusu. Ugonjwa ule hauyadhuru. Lakini vijidudu vyake hujibandika kwenye mawe ambako matumbawe huota, vikangoja samaki apite. Vikimkosa kwa miezi, hufa vyenyewe. Kwa hiyo ilimbidi awahi.

Jumapili iliyofuata Andati alialika wazee wa kanisa kunywa chai. Mutheu alifika na ndoo. Ndani yake, juu ya jiwe lake, lilikaa tumbawe la zambarau lililotikisa vidole majini.

"Shemeji, umenipa zawadi, nami nisije mikono mitupu?" alisema. "Lakini nisikufiche. Samaki wangu walikufa wote. Mimi ningeliweka kando kwanza, kwenye beseni."

Mzee mmoja akauliza, "Pole, mama. Walikufa na nini?"

Mutheu alimgeukia mwenyeji wake taratibu. "Muulizeni Bwana Andati. Yeye ndiye mtaalamu."

Andati alipima jibu. Aseme ni ugonjwa, ataulizwa ulitoka wapi.

"Stima," alisema. "Stima zilipotea, pampu zikasimama. Ni hivyo tu."

"Kama ni stima," akasema mzee, "tumbawe lina kosa gani? Tia tulione!"

Wote wakaitikia, vikombe mkononi. Andati alimtazama Mutheu, Mutheu akamtazama bila kupepesa. Kisha fundi wa simu akakunja shati, akaingiza tumbawe tangini kwa mkono wake mwenyewe, na wageni wakapiga makofi. Mutheu aliongeza sukari kwenye chai yake. Hajapata kunywa chai tamu kama ile.

Msiba wa Buruburu haukuchukua muda. Habari zilimfikia cherehanini, leo wawili, kesho wanne, naye akakanyaga pedali kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha hata kwa Mungu wake.

Siku moja Andati alisimama mlangoni, amekonda, ndoo mkononi. Samaki mmoja tu alikuwa amebaki, mwenye mistari myeusi, akihema.

"Shemeji, unayo dawa ya shaba. Nisaidie. Ulijua, sivyo?"

"Nilikwambia uliweke kando. Mbele ya wazee." Akaipokea ndoo. "Na wewe, ulipoleta ndoo yako hapa, uliniambia nini? Yonis alinieleza yote."

Andati aliinamisha kichwa.

"Samaki nitamtibu," Mutheu alisema. "Yeye hana kosa. Lakini hatarudi kwako. Na usiniite shemeji tena. Aliyekupa jina hilo yuko kaburini, na ungekuwa rafiki yake ungeona haya."

Akafunga mlango. Samaki akapona kwenye beseni la jikoni. Matumbawe yalipokwisha kukaa pweke miezi ya kutosha, Mutheu alimhamishia tangini, na Jumapili watu wakaanza kupitia tena. Andati alivunja tangi lake, vioo akatengenezea madirisha. Wakikutana njiani kwenda kanisani, ni yeye aliyevuka barabara.