Mayai Yaliyopoa Ruwenzori

Dada yangu mkubwa, ambaye mimi humwita yaya, alikimbia vita kutoka upande wa Eringeti na watoto wake, akapanga nyumba ya mbao katika komini ya Ruwenzori, mtaa wa mji wa Beni. Shamba lake la kakao lilibaki kule. Mumewe aliuawa, akazikwa kulekule na watu wengine, yaya akiwa njiani anakimbia. Kwa muda mrefu aliuza ndizi za watu, mpaka akina mama wa parokia walipompa couveuse, sanduku la mbao lenye balbu ndani, la kuangulia vifaranga. Tangu siku ile alianza tena kuzungumza juu ya mwaka ujao.

Mimi ni mwalimu Butembo. Likizo ilipofika nilikwenda Musienene siku ya soko, nikachagua mayai katika nyumba zenye jogoo, nikayapanga ndani ya maganda makavu ya maharage na kuyapakata ndani ya gari mpaka Beni. Kwenye kila shimo nilimsihi dereva apite polepole, naye hakutaka hata kidogo, maana njia ile hakuna anayependa kukawia. Halikuvunjika hata moja. Yaya aliyapokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga. "Wasingya," aliniambia kwa Kinande, asante, na machozi yalimlengalenga.

Mayai yalipokaribia kuanguliwa, asubuhi moja ya mvua, balbu ya couveuse ilizimika. Redio ya jirani iliendelea kuimba, kwa hiyo tulijua umeme umekatika kwetu tu. Juu ya mlango kulikuwa na disjoncteur, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi. Kijiti chake kilikuwa kimekwama katikati, si juu, si chini. Nilikuwa nimetoka kufua. Nikanyoosha mkono kuigusa.

"Acha!" yaya alipiga kelele. "Mikono yako iko na maji! Unapenda kufa mbele ya batoto?"

Alijipangusa mikono yake mpaka ikakauka kabisa, akavaa viatu vya mpira, akasimama juu ya ubao mkavu. Kabla ya hapo alinituma nichomoe kila kitu: couveuse, redio, shaji ya simu. Kisha akakisukuma kijiti mpaka chini kabisa, kikalia, na ndipo akakipandisha. Kikaanguka. Alingoja kidogo, akajaribu mara nyingine. Kikapiga *ta!* na harufu ya plastiki inayoungua ikatushukia usoni.

"Basi," alisema. "Inanusa moto. Hatuigusi tena."

Jirani mwenye nganda, ile baa ya nyuma ya nyumba, alisikia, akaja na kipande cha waya mkononi.

"Mama, lakini ni kitu kidogo. Unafunga waya huku na huku, kuran ya umeme inapita pembeni. Shiye bote tunafanyaka vile."

"Na ikiwaka, nani ataikata?"

"Haiwakake."

"Nyumba ni ya mbao, papa. Batoto banalala mule ndani. Hapana."

Jirani alinitazama mimi, kama vile mwalimu angeweza kumwelewesha yaya. Moyoni nilitaka akubali. Nilikuwa nikiwaza mayai yanayopoa.

Fundi wa umeme alikuja baada ya mvua. Alikata umeme kwanza kwenye nguzo, akapima, ndipo akafungua kifuniko. Ndani ya disjoncteur kulikuwa kumeyeyuka, na waya iliyoingia ukutani ilikuwa nyeusi kama mkaa.

"Mulifanya vizuri kuiacha," alisema. "Ingeshika moto. Kwa hiyo, hata nikiweka ingine mupya, itaanguka tu. Hii waya yote inaomba kubadilisha."

"Leo?" yaya aliuliza.

"Hapana, mama. Waya munene inatokaka Butembo, na njia wameifunga."

Kwa jirani umeme ulikuwapo, lakini yaya hakukubali couveuse iwekwe kwenye zile waya zake za kufungafunga. Tulichemsha maji nje kwenye mbabula, jiko la makaa, tukayatia katika chupa, tukaziweka kuzunguka mayai na kuyafunika kwa blanketi za watoto. Chupa zilipopoa tulichemsha tena. Makaa yalipungua. Yaya aliweka sikio juu ya yai moja, akaniita nisikilize na mimi. Ndani kulikuwa na kugonga kudogo, kisha kimya, kisha kugonga tena. "Iko hai," alisema. "Sikia, iko hai."

Kesho yake ganda la baadhi ya mayai lilikuwa limetoboka, na ncha ya mdomo ilionekana kwenye tundu, haitikisiki. Kifaranga kimoja kilitoka chote. Yaya alikiweka kifuani ndani ya nguo yake, akatembea nacho huku akipika, huku akifagia, na watoto wakimfuata nyuma bila kelele. Kabla ya mchana alikitoa kikiwa kimeshapoa, akakitazama, akakiweka pamoja na mayai yale. Alipasua mayai yaliyobaki moja moja ili ajue. Vifaranga vya ndani vilikuwa vimekamilika, na manyoya yote. Tulichimba shimo nyuma ya choo.

Njia ilipofunguliwa fundi alirudi, akabadilisha waya na disjoncteur. Balbu ikawaka, couveuse ikapata joto bila kitu ndani. Nilimwambia yaya nitapanda tena Musienene kabla likizo haijaisha.

"Usilete tena," alisema.

"Yaya, ulifanya vizuri. Nyumba ingeungua."

"Najua. Nilifanya kila kitu vile inaomba, na bimekufa bote. Kule Eringeti pia nilifanyaka kila kitu vile inaomba." Alikwenda ukutani, akachomoa waya ya couveuse. "Niache tu, mudogo wangu."

Asubuhi iliyofuata alichukua jembe, akaenda kulima shamba la mtu mwingine. Watoto walikuwa bado wamelala.