Marashi ya Mama, Mwaka wa Kugawa Shamba

Mama yangu hakuwahi kuiona bahari. Alizaliwa Uasin Gishu, akaolewa Uasin Gishu, na mbali kabisa alikowahi kufika ni Nakuru, alipokwenda kumchukua baba hospitalini akiwa maiti. Mimi pia sikuijua bahari wakati huo. Lakini chupa yake ya marashi ilikuwa na picha ya wimbi, na nilipoifungua kwa siri nilisikia kwanza chumvi, kama ile ya jiwe wanalolamba ng'ombe, ila hii ilikuwa safi, haina vumbi. Halafu yakaja majani: mnanaa, rozmari, na kitu kama ganda la limau. Mwisho ulibaki ubaridi puani, kama mtu aliyetoka kunawa uso mtoni.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimerudi likizo kutoka shule ya bweni. Ilikuwa ile miezi ya jua kali kabla ya mvua, ardhi imelimwa na vumbi linaingia hadi kwenye unga. Mama alikuwa akitoka kwenda shambani na jembe begani, na shingoni amejipaka matone mawili ya marashi. Nilikuwa nimezoea mama anayenuka moshi na maziwa ya kibuyu. Huyu mwingine sikumpenda.

"Yametoka wapi?" nilimuuliza.

"Nilipewa."

"Na nani?"

Aliendelea kufunga kitambaa kichwani. "Tangu lini mtoto akamuuliza mama yake amepewa nini?"

Alikuwa na haki ya kunijibu hivyo. Lakini nilikuwa nimesoma hadi kidato cha pili, na nilidhani kusoma kumenipa ruhusa ya kumhoji kila mtu.

Shamba tulilokaa lilikuwa la Mzungu, upande wa barabara ya kwenda Burnt Forest. Baba alikuwa dereva wake wa trakta. Mzungu alipotaka kuuza na kurudi kwao, wafanyakazi na watu wa karibu waliunda kikundi wakalinunua pamoja. Baba aliuza ng'ombe wetu wote, akabakiza mmoja wa maziwa, akalipia hisa, na yeye jina lake likaandikwa kwenye daftari la kikundi. Homa ya mapafu ikamchukua kabla ya vipande kugawanywa. Mama alibaki na mimi na wadogo zangu wawili, na jina la mtu aliyekufa.

Ili jina libadilishwe liwe lake, ilibidi amfuate mwenyekiti wa kikundi. Mwenyekiti alikuwa karani wa zamani, mtu wa mashati meupe, na mara kwa mara alisafiri kwenda Mombasa kumtembelea ndugu yake. Likizo ile niliona Land Rover yake imesimama mara mbili karibu na lango letu. Mama alikuwa ameegemea nguzo akizungumza naye. Sikusikia walichosema. Niliunganisha Mombasa, bahari na ile chupa, nikaona nimekwisha kuelewa.

Wiki hiyohiyo baba mdogo, ndugu wa baba, alinikuta kisimani. Akaweka baiskeli yake chini, akaniuliza habari za shule, halafu akasema kama mtu asiyejali, "Mama yako siku hizi ananukia vizuri. Anapata wapi mafuta ya namna hiyo?"

"Muulize mwenyekiti," nilisema.

Basi. Nilisema kwa hasira, nikabeba maji yangu nikaenda. Hakuniuliza tena, na sikumwita nyuma.

Mkutano wa kugawa shamba ulifanyika asubuhi ya Jumamosi, katika banda ambalo Mzungu alikuwa akikamulia ng'ombe. Kamati ilikaa nyuma ya meza, wanaume kwenye mabenchi, wanawake sakafuni nyuma. Nilikuwa nimekaa na mama. Jina la baba liliposomwa, mama alisimama. Baba mdogo naye akasimama, akatoa chupa mfukoni, akaiweka mezani. Aliichukua nyumbani kwetu mama akiwa shambani.

"Kabla hamjaandika," alisema, "mumuulize shemeji yangu marashi haya amepewa na nani."

Wanaume waliipitisha chupa kutoka mkono hadi mkono. Walifungua, wakanusa, wengine mara mbili. Mzee mmoja alipiga chafya na watu wakacheka.

Mama alijibu bila haraka. Kwa miaka kadhaa alikuwa akienda mjini mara mbili kwa wiki kumpigia pasi mke wa Mhindi mwenye duka la nguo, na sote tulijua kwamba Desemba ile duka lilifungwa, wenyewe wakahamia Uingereza. "Nilipewa na mama wa duka siku alipokuwa anafunga masanduku," alisema. "Aliniambia haya ni marashi ya nchi ya joto. Aliletewa kutoka pwani, na hapa Eldoret na baridi yake hayakumfaa. Anakokwenda ni baridi zaidi. Akasema, wewe unalima juani, yatakufaa."

"Yuko wapi atuambie mwenyewe?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Amekwenda."

"Amekwenda," mjumbe alirudia, akiwageukia wenzake.

Ndipo baba mdogo akanyoosha kidole. "Hata binti yake ameniambia nimuulize mwenyekiti. Yule pale. Muulizeni."

Mwenyekiti alinitazama. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye mdomo wa juu. "Ulisema hivyo?"

Mama aligeuka. Macho yake hayakuwa na hasira. Alikuwa akingoja tu, kama mtu anayengoja mwenzake amshikie kitu kizito. Ningeweza kusema kwamba sijui chochote, kwamba nilikuwa nimekasirika tu.

"Nilisema," nikajibu.

Mwenyekiti aliapa kwamba chupa ile hajawahi kuiona. Na kwa kuwa alitaka jina lake lisafike haraka mbele ya watu, yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza kipande kiandikwe kwa ndugu wa marehemu, "ili atunze watoto." Mama aliachiwa nyumba na sehemu ya bustani kando ya kinamasi. Chupa ilibaki mezani. Nilisikia baadaye kwamba karani wa kamati alimpelekea mkewe.

Siku chache kabla ya kurudi shule nilikwenda mjini kununua kitambaa cha sketi. Fundi wa cherehani aliyekuwa akikaa kwenye baraza la duka la yule Mhindi alikuwa bado pale, duka likiwa limefungwa nyuma yake. Alinipima huku akiniuliza hali ya mama.

"Marashi aliyopewa na mama wa duka bado anayo?" alisema. "Nilikuwa hapa. Yule mama alimpaka mwenyewe mkononi, wakacheka sana."

"Kwa nini hukuja kusema?"

Akanishangaa. "Kusema wapi? Nani aliniita?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa baba mdogo. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa anakata nyasi za ng'ombe. "Mambo yamekwisha andikwa," alisema. "Na karo yako muhula huu nani anailipa?"

Ililipwa na mahindi ya shamba lile, muhula huo na mingine yote hadi nikamaliza na kuingia chuo cha ualimu. Ninaandika haya kwa sababu watu hunisifu kwamba nilisoma nikiwa yatima.

Mama hakukaa kwenye kinamasi zaidi ya mwaka mmoja. Alipanga chumba mtaa wa Langas, mjini, akauza mboga, akawalea wadogo zangu hapohapo. Nilipopata kazi nilimnunulia kitanda na jiko, akapokea na kushukuru kama anavyoshukuriwa mgeni. Siku moja nilijikaza nikamwambia, "Mama, siku ile nilikuwa mtoto."

Alikuwa akichambua sukuma wiki. "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Mimi kwa umri huo nilikuwa nimeshaolewa," alisema, akaendelea kuchambua.

Alipofariki, baba mdogo alitoa nafasi azikwe shambani, kando ya baba. Mama alikuwa ameshawaambia wadogo zangu asirudishwe kule. Tukamzika makaburi ya mjini. Baba mdogo alikuja na watu wake, akasimama mbele ya jeneza akasema alikuwa mwanamke mwema, kwamba ukoo haukumtupa, na shamba lipo, na watoto wake walisomeshwa. Watu waliitikia kwa vichwa. Wadogo zangu walinitazama, maana mimi ndiye mkubwa, na ni mwalimu, na jina langu lilikuwa linafuata kwenye orodha ya wasemaji. Nilisimama, nikawashukuru waliotoka mbali, nikaketi.