Ngege wa darasani, na ule weusi wa mgongoni

Wakuu, habari zenu. Hii sitaitia chumvi. Hata samaki mwenyewe hakuwa nayo.

Nilipomaliza chuo, kabla sijahamia Nairobi, nilifundisha bayolojia kwa mkataba katika shule moja ya mtaa wa Manyatta, kule ziwani. Nilikaa Migosi, mtaa wa jirani, natembea kila asubuhi, nafika viatu vimejaa vumbi.

Maabara ilikuwa kabati moja lisilofungika. Tulipofika mfumo wa kutoa taka mwilini, nilikuwa nimechoka kuchora figo ubaoni. Nikanunua samaki watano aina ya ngege, nikawapasua mbele ya Form Two.

(Najua samaki si mtu. Mtu ningempata wapi?)

Kulikuwa na msichana, tumwite Achieng. Mamake aliuza samaki sokoni, naye alimsaidia kuwatoa magamba na matumbo kabla ya kuja shule. Wenzake walimwita Omena, yaani dagaa. Akiketi, wanafungua dirisha.

Hakuwahi kuinua mkono. Wiki hiyo walikuwa wanachagua masomo ya Form Three, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanaoacha bayolojia. Nilijua si somo lililomshinda.

Basi nikaonyesha moyo, ini, matumbo. Mmoja akauliza ule weusi ulioshikana na uti wa mgongo ni nini. Nikajibu haraka, kama mtu wa digrii: ni damu imeganda, ikwangueni mtupe.

Achieng akasema huku akiangalia dawati, "Mwalimu, hiyo si damu."

Nyuma mtu akacheka. "Omena ameamka."

Nikamuuliza anajuaje.

"Damu ukimwaga maji inaenda. Hii lazima ukwangue na kucha. Na kila samaki anayo, hata yule ambaye hakuumia."

Wakuu, mimi hubishana na pasta, na daktari, na nyinyi humu. Siku hiyo nilisema tu tuendelee.

Jioni nikafungua kitabu.

Ilikuwa figo. Somo lenyewe la siku hiyo, na nilikuwa nimewaambia waitupe.

Ningenyamaza, nani angejua? Lakini kesho yake niliwaambia nilikosea, Achieng ndiye aliyekuwa sahihi. Nikampa kisu na ngege mwingine. Alipasua taratibu, akataja viungo kwa Dholuo, mimi naandika ubaoni kwa Kiingereza. Dirisha halikuguswa.

Yule wa nyuma akasogeza kiti. "Omena, rudia hapo kwa figo."

"Niite mwalimu kwanza."

Ijumaa niliangalia ile orodha ya wanaoacha, ukutani. Jina lake lilikuwa limekatwa kwa kalamu, kwa nguvu, hadi karatasi ikatoboka.

Siku hizi niko ofisini. Nikiletewa samaki hotelini, humpindua kwanza nichungulie mgongoni. Huwa wameshakwangua. Halafu naikumbuka harufu ya darasa lile, na sijui kwa nini naitamani.

Nilichojifunza: ukipenda kuhoji kila kitu, anza na jibu lako mwenyewe.

Haya, nani amewahi kukusahihisha mbele ya watu, na kesho yake ulifanya nini? Semeni ukweli, nasoma yote.