Rubani wa Jiwe na Zamu ya Baba

Tangazo. Umma wa Kisii na Nyamira, wazee kwa vijana, mnajulishwa kwa huzuni iliyopigwa pasi kwamba Bwana Subhash, mwenye duka la sufuria na chaja karibu na soko, hajafa. Mnaombwa mwache kumtumia binti yake, Riddhi, jumbe za pole. Aliyetuacha ni mwingine: Rubani, mwanamume wa jiwe, urefu wa chupa ya soda, ambaye hali yake ya zamani ilifariki mchana kweupe ndani ya beseni. Hakuna matanga. Maua yasiletwe. Ndizi zitapokelewa.

Kabla ya sufuria, duka la Subhash lilikuwa la kuazimisha kanda za video. Watu walifuata filamu za mateke, na wengine walifuata sinema za Kihindi ili walie bila kuulizwa na mtu. Subhash mwenyewe, mwanamume mzima mwenye masharubu, alinaswa na katuni ya Kijapani iitwayo Rubani Asiye na Kivuli. Ilimhusu mtu wa miwani mikubwa anayeruka usiku akitafuta kivuli chake kilichobaki vitani. Katika Gusii nzima alipata mwenzake mmoja tu wa ugonjwa huo, naye ni Onyancha, kijana mchongaji kutoka Tabaka. Onyancha alileta viboko na tembo wa mawe kwa wafanyabiashara wa mjini, kisha akajificha nyuma ya duka la Subhash na kutazama kanda hadi macho yakawa mekundu.

Huko nyuma palikuwa na ubao wa keram, ule wa kudonoa kete kwa kidole hadi ziingie kwenye vishimo vya pembeni. Keram bila poda ni adhabu. Onyancha alileta poda ya bure, yaani vumbi la mawe ya kwao ndani ya mkebe wa siagi, jeupe na laini kama unga wa muhogo. Ukilinyunyiza, kete zinateleza kama mheshimiwa mbele ya swali.

Siku moja akaja na kitu kwenye gazeti. Alikuwa amemchonga Rubani: miwani, koti, shingo iliyogeuka kidogo kama ya mtu aliyeitwa jina. Jiwe lilikuwa bado bichi, limejaa mikwaruzo ya tupa. Walimlinganisha na yule wa kwenye kanda, wakagombana kuhusu kola. Mkoba wa Onyancha ulikuwa umejaa unga na jembe, kwa hiyo akamwacha Rubani juu ya kaunta.

"Niwekee. Jumamosi nitamchukua."

Mvua ikanyesha wiki nzima. Ukuta wa shimo la mawe ukaporomoka kule Tabaka, Onyancha akiwa ndani. Jumamosi ikaja peke yake.

Chini ya Rubani, Subhash alikuta neno limekwaruzwa kwa msumari: BABA. Alilisoma, akakaa. Kisha akautundika ubao wa keram ukutani, juu kabisa, na hakuugusa tena. Rubani akapewa rafu ya kioo kando ya Ganesh, mungu wao mwenye kichwa cha tembo, na asubuhi Ganesh akifukiziwa ubani, naye alipata moshi kidogo. Wateja waliouliza walijibiwa, "Ni zawadi. Yule kijana alikuwa ananiita baba."

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Jioni Rubani aliachwa akitazama kaunta. Asubuhi alikutwa anatazama mlango, upande wa barabara ya Suneka, ambayo ukiifuata inakupa njia ya Tabaka. Subhash alimgeuza. Kesho yake amegeuka tena. Na chini yake, juu ya kioo, kila siku palikuwa na vumbi jeupe, kidogo tu, kama la mtu anayefanya kazi polepole. Saa za mchana ambapo duka limelala na nzi wamechoka, Subhash alisikia kitu nyuma yake: kwaru, kwaru, kwaru. Akigeuka, kimya. Akirudisha macho kwenye simu: kwaru.

Riddhi alikulia ndani ya hayo yote kama wengine wanavyokulia karibu na kelele za posho mili. Alipofika chuo akaugua ugonjwa wa baba yake, ila aina mpya. Ile katuni ilikuwa imetengenezwa upya huko Japani, na Riddhi akaagiza Rubani wa plastiki, akaja ndani ya sanduku lenye dirisha. Hakulifungua. Alilipangusa kwa kitambaa cha miwani.

"Unanunua mtu halafu unamwacha kwenye sanduku?" Subhash alisema. "Hata mfungwa hutolewa aote jua, beta, mwanangu."

"Nikifungua anapoteza thamani, Papa. Huyu ni orijino. Huyo wako ni jiwe la kuzuia mlango, limevaa miwani."

"Wako ana kiuno cha nyigu. Rubani gani huyo? Akila ugali atakatika."

"Na wako anageuka kwa sababu ya malori. Yakipita, kioo kinatetemeka. Ni fizikia."

"Na malori yanajua Tabaka iko wapi?"

 Usiku huo Riddhi aliliweka sanduku lake chumba kingine.

Ugomvi ukatoka nyumbani ukaenda mjini. Riddhi na kundi lake la mashabiki walikodi ukumbi juu ya hoteli moja, wakaandaa Siku ya Katuni: kila mtu alete hazina yake, umati uamue nani shabiki wa kweli. Walikuja na wigi za buluu. Jamaa mmoja kutoka Nyamira alibeba upanga wa siling bodi ambao mvua ilikuwa imeshaushinda njiani. Na katikati ya watoto hao akaingia Subhash, suti ya harusi, Rubani kifuani kama mtoto wa kubatizwa.

Wazee hawakuwa wengi upande wake. Alikuwa yeye tu.

"Hiki kilichongwa na Onyancha wa Tabaka, mtu aliyeiona ile ya kwanza," alitangaza. "Nyinyi mmeona ya kuchemshwa mara ya pili."

Wakamzomea kwa heshima. Brandon, kijana wa Tabaka mwenye wigi iliyokaa upande, akaomba kumshika Rubani. Akampapasa, uso ukabadilika.

"Mzee, si kwa ubaya, lakini huyu mbona hajasuguliwa?"

"Huo ni mtindo."

"Mtindo gani? Ni mbichi. Ndiyo maana anamwaga unga." Akampindua. "Si hii hapa? Baba."

"Alikuwa ananiita hivyo."

Ukumbi ukacheka kicheko cha Kisii, kile kinachoanzia magotini. Kwa sababu katika Ekegusii, kama hata mbuzi wa hapa wajuavyo, baba ni mama. Mzazi wa kiume anaitwa tata.

Brandon peke yake hakucheka. "Kwetu wanaume wanachonga, akina mama wanasugua kwa maji na msasa. Mchongaji anaandika chini ni zamu ya nani, kazi isipotelee kwenye beseni la jirani. Hii ilikuwa ya mama yake. Na yuko hai, mzee. Ni Nyanchera. Tunapakana naye."

Na ijulikane kwamba Subhash amebishana bei kwa Ekegusii tangu hajaota jino la mbele. Neno lile hakulikosea. Alikuwa na lugha mbili mkononi, akachagua ile iliyompa mtoto.

Alirudi dukani, akamfungia Rubani kabatini, akakataa chai. Ndani ya kabati, mchana kutwa: kwaru, kwaru. Hata Riddhi alisikia, na hakukuwa na lori.

Siku ya soko akaja mwanamke mwembamba mwenye leso kichwani na mkoba wa sisali.

"Bwakire," akasalimia kwa Ekegusii.

"Bwakire buya, mama."

"Baba Riddhi, nimesikia una kazi yangu."

Subhash alishika kaunta. "Chagua chochote humu, mama. Sufuria, birika…"

"Sufuria ninazo."

Akamtoa Rubani. Nyanchera hakulia, wala hakumkumbatia. Alimtazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake, akauliza, "Huyu ni nani? Ana macho ya bundi." Kisha akachukua beseni jipya kwenye rundo la mauzo, stika bado ipo, akamwomba Riddhi maji, akaketi mlangoni. Kutoka kwenye mkoba akatoa msasa.

"Mama, tafadhali," Subhash alisema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko masharubu yake. "Hiyo mikwaruzo ni ya tupa yake. Ukisugua, mkono wake utaisha."

"Mkono wake uliisha siku ile. Hiki ni kiporo." Akamzamisha Rubani majini. "Kazi zake zote zilipita kwangu. Hii moja imesimama uchi mbele ya watu hadi leo, halafu unashangaa inatazama mlango?"

Akaanza. Kwaru, kwaru, kwaru.

Subhash akakaa juu ya debe. Ilikuwa sauti ileile, mwendo uleule, hata pale inaposita kidogo kabla ya kuendelea. Riddhi alimtazama baba yake, kisha yule mama, kisha vinyweleo vya mikono yake mwenyewe vilivyosimama.

Maji yakawa meupe kama maziwa. Koti likawa laini, miwani ikang'aa, mshipa wa rangi ya waridi ukajitokeza shavuni ambapo hakuna aliyejua upo. Mwisho akampindua. Akalipapasa neno kwa kidole gumba, akacheka puani. "Herufi zake mbaya vilevile." Akalisugua. Subhash aliangalia nje kama mtu anayedungwa sindano.

Nyanchera alimfuta Rubani kwa pindo la leso, akamweka juu ya kaunta.

"Imeisha. Kazi ikiisha inarudi kwa aliyeagiza. Wewe ndiye uliyeagiza, sivyo?"

Subhash hakuwahi kuagiza kitu. Nyanchera alijua, ilionekana.

"Ndiyo, mama. Mimi."

"Haya basi." Akaondoka na beseni.

Kesho yake Rubani alikuwa anatazama kaunta, vilevile alivyoachwa. Kioo kilikuwa kisafi. Malori yakapita, rafu ikatetemeka, hakugeuka. Kundi la Riddhi likaja kupiga picha, likakiri kwamba sasa huyo ni orijino, na Brandon akavua wigi. Subhash hakuja mbele kusherehekea ushindi.

Riddhi alimkuta nyuma ya duka. Yale maji meupe hayakuwa yameondoka na beseni. Subhash aliyamimina kwenye sufuria kabla mama hajaondoka, yakatuama, akayakausha juu ya gazeti, na sasa alikuwa anakung'uta lile vumbi, taratibu, ndani ya mkebe wa siagi wenye kutu. Riddhi akavua viatu. Akakumbuka majivu ya babu yake yakipelekwa mtoni, taa ndogo za mafuta.

"Papa," alisema, machozi yakimlenga, "umemhifadhi Onyancha. Tumfanyie sala? Tumpeleke mtoni, roho yake ipumzike?"

Subhash alikuwa ameushusha ubao kutoka ukutani na kupuliza utando wa buibui. Akachota vumbi kidogo, akalinyunyiza, akapanga kete.

"Ni poda ya keram," alisema. "Kaa. Anza wewe."