Mtu wa Katikati

Mimi na kaka yangu tumepigana vita maisha yetu yote, na wa kushindwa ni yeye. Nasema hivi bila aibu, kwa sababu katika mambo mengine yote yeye ndiye anayesifiwa pale mtaani kwetu Chechelesi, na mimi ni yule dada yake anayeshona sare za shule.

Vita vyenyewe ni vya mezani. Marehemu baba alikuwa mpishi katika kambi ya jeshi, na kila alipowapelekea maofisa chai aliwakuta wameinamia meza yenye mchanga, wakisogeza vijiaskari kwa fimbo. Akatuletea mchezo huo nyumbani kwa namna yake: sanduku la mchanga juu ya meza, askari wa udongo wa mtoni wenye urefu wa kidole, dadu, na tepu ya fundi ya kupimia mwendo. Jeshi langu nililipaka rangi ya kucha, lake likabaki na rangi ya udongo. Kila jeshi lina Mkuu mmoja, na Mkuu hana tofauti na wenzake isipokuwa alama iliyochorwa chini ya nyayo, ambapo adui haioni. Ukimwua Mkuu wa mwenzako, askari wake wanaanza kukimbia. Kwa hiyo kazi ni kumficha wako na kumtafuta wake, basi.

Kumtafuta wa kaka hakukuwa kazi. Kila mchezo alimzungushia askari wanne, mbele, nyuma na kila ubavu, kama bibi harusi. Wangu nilimtupa pembeni na watu wa kawaida, na mara nyingine nikamtanguliza kama mtu asiye na thamani. Kaka alihangaika kuwaua watu wasio na maana, huku mimi nikielekeza bunduki zangu zote kwenye kile kiduara chake.

"Wewe unanionyesha mwenyewe," nilimwambia. "Ukimlinda hivyo si ni kama unamwekea bendera?"

"Mkuu hawezi tembea kama mbuzi," alijibu. "Lazima akae na watu. Na wewe skiza wakubwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Ningecheka zaidi kama ungekuwa mchezo tu. Kaka ni polisi wa akiba. Anakaa miezi na wachungaji malishoni, upande wa Biliqo, na kiangazi kikizidi anafika hadi karibu na Korbesa, mahali ambapo simu ni ya kuangalia saa tu. Ndiye mwenye redio ya mawasiliano. Wezi wa mifugo wakija, redio hiyo ndiyo inayoita msaada, na hakuna mwingine kule aliyefundishwa kuitumia. Vijana wa malishoni wanamwita afande. Wakihama kutoka kisima hadi kisima walimweka katikati, wanne wamemzunguka, kwa sababu mtu mnayemtegemea hamwachi atembee pembeni. Ni heshima, na heshima kule haina mjadala.

Aliponieleza hayo nilikasirika hadi nikakata uzi kwenye cherehani. Nilimwambia avue koti la polisi, redio aitie kwenye mfuko wa unga, atembee na mbuzi kama mchungaji mwingine yeyote. Mtu aliyelala kichakani na bunduki hajui redio iko wapi mpaka aonyeshwe. Kwa mara ya kwanza alinisikiliza. Alirudi kule akawaambia, nao wakakataa katakata. Mmoja wao, kijana wa mtaani kwetu ambaye mama yake anauza maziwa, alimwuliza, "Afande, wewe ukienda pembeni, sisi tutakuwa tunalinda nini?" Wakaendelea kumzunguka.

Walipigwa mchana, wakirudi kutoka kisimani. Risasi zilikwenda moja kwa moja kwenye duara. Kijana wa mama wa maziwa alianguka kwanza, na hakuinuka. Watatu waliobaki walimlalia kaka, na chini yao, mdomo umejaa vumbi, akazungumza na redio. Msaada ukafika, na ng'ombe karibu wote wakarudi. Kaka alichubuka magoti tu.

Nimeligeuza jambo hili kila upande na sina raha nalo upande wowote. Duara ndilo lililowaonyesha wauaji mtu wao, na duara hilohilo ndilo lililomwokoa. Ningetaka kumkasirikia mtu, lakini sioni wa kumkasirikia.

Baada ya mazishi kaka alikaa nyumbani. Chakula alikisukuma kando. Jumapili moja, tulipotoka kanisani, nikatoa sanduku nikidhani tutapunguza mawazo. Akapanga jeshi lake lote nyuma kabisa, ukingoni mwa sanduku. Kisha akachukua askari mmoja, akamgeuza miguu juu nione alama, akamsimamisha mbele peke yake, kiasi cha shubiri tu kutoka kwenye bunduki zangu.

"Piga," akasema.

"Panga vizuri."

"Nimepanga. Piga."

Sikurusha dadu. Niliogopa. Nilimtazama kaka yangu nikaona mtu ambaye ameshachagua mahali pa kufia. Alikuwa na safari ya kurudi Biliqo wiki ile, na kwa sauti ya kawaida kabisa akaniambia atatembea mbele ya ng'ombe peke yake, na atakayemkaribia atamfukuza kwa mawe. Nilimwambia aache hiyo kazi. Akasema akiacha, redio itakuwa bubu na watu watamalizwa. Basi afundishe mtu mwingine, nikasema.

"Nifundishe mwingine ndio na yeye azungukwe?"

Kabla ya kusafiri ilimbidi aende kwa yule mama wa maziwa, ambaye hakuwa amezungumza naye tangu mazishi. Nikafuatana naye, maana sikutaka kumwacha peke yake hata barabarani. Mama alitukaribisha vizuri mno. Alitupa chai ya maziwa, akauliza habari ya ng'ombe na habari ya mvua. Kaka akapiga magoti.

"Mama, ni mimi walikuwa wanatafuta. Mtoto wako alikufa kwa ajili yangu. Sasa narudi, na sitaki mtu karibu na mimi."

Nilitarajia alie, au atufukuze. Ningependelea atufukuze. Alimwangalia kaka vile mtu anavyoangalia ng'ombe mgonjwa akipima kama atafika kisimani.

"Simama," akasema. "Mwanangu alijua mahali alisimama, hakuna mtu alimlazimisha. Kazi yake amemaliza. Wewe kazi yako ni usikufe, na hiyo bado hujamaliza."

"Mama, siwezi."

"Utaweza. Ukikufa sasa, mimi nilizaa bure."

Tulirudi nyumbani. Nilimchukia yule mama njia nzima, kwa sababu alikuwa amenirudishia kaka yangu kwa njia ambayo nisingemtakia hata adui.

Asubuhi ya safari nilimsindikiza hadi kwenye lori. Yule mama wa maziwa alikuwa ametutangulia. Alikuwa amesimama na mwanawe wa pili, mtu mzima mwenye mke na watoto, blanketi begani. Kaka alipopanda na kukaa, mama alimsukuma mwanawe naye apande.

"Kaa karibu na yeye," akamwambia.

Kaka akasogea kumpa nafasi.